Maumivu ya Viungo kwa Mbwa wa Kasansa

Katika kata ya Kasansa, mkoani Katavi, mbwa hulinda mifugo na mashamba. Anapoanza kuchechemea, mwenyewe hudhani ni uzee tu. Uzee huchangia, kwa kuwa gegedu linalofunika ncha za mifupa hulika, na mifupa ikasuguana. Mbwa wa namna hiyo huamka amekakamaa, kisha hulainika akitembea. Lakini viungo vikivimba ghafla, pamoja na homa na kukataa chakula, huenda chanzo kikawa bakteria aina ya Ehrlichia waenezwao na kupe. Hao hutibiwa kwa doksisaiklini.

Linalonitia hofu zaidi ni dawa za binadamu. Diklofenaki na ibuprofeni, zipatikanazo kwa urahisi madukani, humsababishia mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo, hata kwa kiasi kidogo. Daktari wa mifugo aweza kuagiza meloksikamu: miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito siku ya kwanza, kisha 0.1 kwa siku, iwapo figo ni nzima.

Mbwa mnene (nao ni wachache vijijini) apunguziwe chakula. Matembezi mafupi ya kila siku humfaa kuliko kufungwa mnyororo kutwa, na usiku alale juu ya gunia kavu, si sakafuni.