Furu wa Ziwa Victoria kabadilika umbo, tena haraka!

Leo naomba tuongee kuhusu furu. Ndiyo, yule yule samaki mdogo wa miiba mingi anayeuzwa kwa mafungu, ambaye watu wanamdharau wakishaona sato au sangara.

Kwanza furu si samaki wa aina moja. Ziwa Victoria lilikuwa na aina 500 au zaidi, na watafiti wengi wanaamini zilitokea ndani ya miaka 15,000 hivi, maana kabla ya hapo ziwa lilikauka. Kuna anayekwangua mwani kwenye mawe, kuna anayeponda konokono, kuna anayekula watoto wa wenzake. Siri ni kwamba furu ana taya za aina mbili: za mdomoni za kukamata, na nyingine kooni za kutafuna. Mdomo ukishapunguziwa kazi ya kutafuna, unakuwa huru kubadilika utakavyo. Ukimpasua koo mla konokono unakuta meno bapa kama magego. Kwa mla vijidudu vinavyoelea majini unakuta vijino vyembamba kama sindano.

Basi akaja sangara. Aliletwa ziwani miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa 1960, na miaka ya 1980 akawa kila mahali. Furu wa aina kama 200 wakapotea. Filamu ya Darwin's Nightmare ilipotoka mwaka 2004 tulibishana sana kuhusu minofu ya sangara na ndege za mizigo, lakini furu nani alimkumbuka?

Kuna Mholanzi mmoja, Frans Witte (alifariki 2013), ambaye yeye na wenzake walikuwa wakikusanya furu wa Ghuba ya Mwanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, yaani kabla sangara hajatawala pale. Wakawahifadhi kwenye chupa za spiriti, na chupa hizo ziko Leiden, Uholanzi. Aina moja, Haplochromis pyrrhocephalus, karibu itoweke kabisa, halafu miaka ya 1990 ikaanza kurudi. Jamaa wakachukua waliorudi, wakawapima na wale wa kwenye chupa.

Matokeo yalitoka mwaka 2008. Mimi nilisoma mara mbili. Ndani ya miaka kama 20 tu, matamvua (yale mekundu ya kupumulia) yameongezeka eneo kwa zaidi ya asilimia 60! Sababu ni kwamba maji yamechafuka na oksijeni imepungua. Shavu nalo limeongezeka kimo, maana sasa anakula wadudu na windo kubwa kuliko zamani. Wakati huo huo kichwa kimepungua ukikilinganisha na sehemu ya mkia, na mkia ndio wa kumkimbia sangara.

Hapo ndipo penye utamu. Kichwa cha samaki ni kama chumba cha kupanga: ukiingiza kabati, kitanda lazima kisogee. Matamvua yanataka nafasi, shavu linataka nafasi, na chumba chenyewe kinabanwa. Aliyepunguziwa ni jicho. Jicho limekuwa dogo, tena kwenye maji ambayo hata kuona ni shida!

Je, wamezaliwa hivyo au wanakua hivyo? Inaweza kuwa yote mawili. Furu wakikuzwa maabara kwenye maji yenye oksijeni kidogo huota matamvua makubwa, kwa hiyo si lazima kila kitu kiwe cha kurithi. Kuna pia uwezekano kwamba waliobaki walichanganyika na aina nyingine. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake, Witte akiwemo, walionyesha kwamba maji yakiwa machafu majike hawatofautishi rangi za madume, basi wanazaa hovyo hovyo.

Sasa wadau wenye babu waliovua Ghuba ya Mwanza kabla ya 1980, hebu waulizeni: walikuwa na majina mangapi ya furu, na yupi hawajamwona tena? Tuandikieni hapa chini.