Jina Lililobaki Stejini

Makanga wa matatu inayotoka Thika kuelekea Murang'a haiti "Rubis!" Huita "Kenol! Kenol!" na abiria wa huko huanza kukusanya mizigo. Mji huu, pale barabara ya Nyeri inapoachana na ile ya Murang'a, ulipata jina lake kwenye kituo cha mafuta cha Kenol. Mwaka 2019 kampuni ya Rubis kutoka Ufaransa iliinunua KenolKobil, na vituo vyake vikapewa rangi na jina jipya. Mji haukubadilika, maana jina lilikwisha kuhamia vinywani mwa watu.

Kwenye intaneti mambo huenda vivyo hivyo. Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha Google mwaka 1998, waliupima ukurasa kwa kuangalia ni nani wanaouelekezea wasomaji. Kila kiungo kutoka tovuti nyingine kilihesabiwa kama kura, na kura ya tovuti inayoheshimika ilikuwa nzito zaidi. Jina la kikoa, ile anwani inayoishia na .co.ke au .com, ni nguzo ambayo kura hizo hutundikwa juu yake.

Kuna wakati nguzo yenyewe ilipendelewa. Mwenye choma Kenol, na choma Kenol hazihesabiki, angejisajilia anwani kama nyama-choma-bora-kenol na kutumaini kuwapita majirani bila hata kuweka picha ya mbavu. Septemba 2012 Google, kupitia mhandisi wake Matt Cutts, ilitangaza kwamba tovuti duni zinazobebwa na majina ya namna hiyo zitashushwa. Leo neno lililomo ndani ya anwani halikupi nguvu ya maana. Lakini ushauri wa kabla ya 2012 ungali unauzwa mitaani, tena kwa bei ya leo.

Basi jina lina kazi gani? Kazi yake ni kushikika kichwani, na hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita. Ukiandika "nyama choma Kenor" kwenye Google, itakisia ulichokusudia na kukupeleka panapofaa. Mfumo wa majina ya vikoa, uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, haujui kukisia. Huisoma anwani kutoka kulia kwenda kushoto: huuliza kwanza ke iko wapi, kisha co, kisha jina lako, na herufi moja ikikosewa unaambulia patupu au unatua kwa mtu mwingine. Sisi wa Mlima Kenya, ambao r na l hubadilishana viti mdomoni, tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Mpigie simu shangazi yako Karatina, mtajie jina mara moja tu, umwombe aliandike. Akiuliza "linaandikwaje?", tafuta lingine.

Mfumo huo una ubahili wake pia. Sehemu moja ya jina haizidi herufi 63, na mfumo hupokea herufi za kawaida, tarakimu na kistari tu. Ndiyo maana tovuti ya kaunti ni muranga.go.ke: ng' ya ng'ombe imegeuzwa ng ya ngoma. Alama za Gĩkũyũ zina njia ya kufichwa ndani ya msimbo unaoanza na xn--, ila sijaona mteja wa choma atakayeuandika msimbo huo akiwa na njaa.

Jina fupi nalo huweza kugombewa. Kutoka Kenol ukielekea Murang'a utapita Sabasaba. Jina hilo hilo ni la maonyesho ya biashara ya Dar es Salaam, na ni la maandamano ya Julai 7, 1990 hapa Kenya. Mwenye duka pale aongeze neno linalomtofautisha, na aikamate anwani ya Kenya. Majina ya .ke husimamiwa na KeNIC, na kiishio hicho huiambia Google kwamba wasomaji wako wako hapa nchini. Kwa bucha, hata hivyo, kujiandikisha kwenye ramani ya Google huleta wateja wengi kuliko anwani yoyote ile.

Ukilazimika kubadilisha jina, kama Kenol ilivyogeuka Rubis, anwani ya zamani iachwe ikielekeza kwenye mpya kwa msimbo 301, ili viungo vilivyokusanywa visipotee, na ada yake ya kila mwaka iendelee kulipwa. Malipo yakikatika, mgeni yeyote anaweza kuisajili anwani hiyo na kurithi heshima uliyoijenga. Hata kabla ya hapo, angalia ni nani aliyeandikwa kama mwenye anwani. Mara nyingi ni yule kijana aliyekutengenezea tovuti, ambaye sasa yuko Nairobi na amebadilisha namba ya simu.