Steringi ni Nani? Somo la Filamu Kutoka Kalobeyei

Mwezi uliopita vijana wa Kalobeyei walinitoa jasho, na sisemi la jua. Waliniuliza swali ambalo kwa miaka mingi nimelifundisha nikidhani nimelimaliza: katika filamu, mhusika mkuu ni nani?

Kutoka Mombasa hadi Kalobeyei unavuka nchi karibu yote: Nairobi, Kitale, Lodwar, Kakuma, halafu unasogea mbele kidogo kwenye barabara ya Lokichoggio. Kambi ya Kakuma ipo tangu 1992. Makazi ya Kalobeyei yalifunguliwa 2016 kwa nia tofauti, kwamba wakimbizi na wenyeji Waturkana waishi pamoja, watumie shule moja, hospitali moja na soko moja. Ndiyo maana katika chumba cha mabati nilimokuwa nikifundisha uandishi wa filamu walikaa Wasudani Kusini, Wakongo, Warundi, Waethiopia na Waturkana, wote wakigombea upande wenye kivuli.

Tulitazama filamu ya The Good Lie, ya mwaka 2014, iliyoongozwa na Philippe Falardeau. Niliichagua kwa sababu inawahusu. Inasimulia watoto wa Sudan waliopoteza wazazi vitani, wakatembea hadi kufika Kakuma, wakakulia kambini, kisha wakapelekwa Marekani. Msingi wake ni tukio la kweli: mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya vijana 3,500 wa aina hiyo walihamishwa kutoka Kakuma kwenda Marekani. Ger Duany na Emmanuel Jal, wawili kati ya waigizaji wake, wenyewe walipitia vita hivyo wakiwa watoto.

Filamu ilipokwisha nikauliza: steringi ni nani? Neno hilo wanalijua wote waliokulia vibanda vya video. Steringi ndiye asiyekufa, ndiye anayewapiga wote mwishoni.

Karibu nusu ya chumba walijibu kwamba ni yule mwanamke Mmarekani, Carrie, aliyeigizwa na Reese Witherspoon. Kwa nini? "Mwalimu, si ndiye yuko kwenye bango?" Na kweli, kwenye tangazo la filamu uso wake ndio mkubwa.

Msichana mmoja wa Kikongo akapinga. "Yule amekuja nyuma. Wakati anafika, sisi tumeshatembea."

Hapo ndipo somo lilipoanzia, na msomaji nakuomba tulifuate pamoja, kwa maana si la watengenezaji filamu peke yao.

Mambo manne yanayotupotosha

La kwanza ni bango. Bango ni kazi ya muuzaji. Humweka mbele mwigizaji ambaye jina lake litajaza ukumbi, na jina hilo huenda ni la mtu mwenye sehemu ndogo katika hadithi.

La pili ni muda. Tunadhani anayeonekana sana ndiye mkuu. Mara nyingi ni kweli, lakini kumwona mtu sana kwenye skrini hakumaanishi hadithi ni yake. Dereva wa basi husafiri na kila abiria, lakini safari ni ya abiria.

La tatu ni sauti. Anayesimulia anaweza kuwa shahidi tu, aliyekaa pembeni akituonyesha mambo ya mwingine.

La nne ni wema. Hili ndilo linatunasa zaidi. Tunamchanganya mhusika mkuu na shujaa, yaani mtu wa kusifiwa. Mhusika mkuu anaweza kuwa mwoga, mwizi au mwongo. Mwas wa Nairobi Half Life, filamu ya 2012, alitoka kijijini kutafuta uigizaji akaishia kuiba magari, lakini hakuna anayetilia shaka kwamba hadithi ni yake.

Maswali manne ya kumtafuta

Baada ya kuyatupa hayo, niliandika ubaoni maswali manne. Nani anataka kitu kiasi kwamba akiacha kukitaka hadithi inasimama? Nani analipa gharama? Nani anatoa uamuzi mzito kuelekea mwisho? Na mwisho wenyewe, nani si yule tuliyeanza naye?

Tukarudi kwenye The Good Lie. Mwanzoni kabisa, watoto wakiwa wamejificha kwenye majani marefu, askari wanakaribia. Kaka yao Theo anasimama ili aonekane yeye pekee, anachukuliwa, wenzake wanapona. Tangu dakika hiyo Mamere, aliyeigizwa na Arnold Oceng, anabeba deni. Ameachiwa uongozi asiouomba, na kila anachofanya Marekani kina kivuli cha kaka yake. Anapopata tetesi kwamba Theo yu hai, anarudi Kenya kumtafuta. Anampata. Stakabadhi za kumsafirisha hazipatikani. Basi anampa Theo za kwake, Theo anapanda ndege kwa jina la Mamere, na Mamere anabaki. Huo ndio uongo mwema wa jina la filamu.

Pitisha maswali yetu hapo. Anayetaka ni Mamere. Anayelipa ni Mamere, tena analipa kwa maisha aliyoyajenga. Anayeamua ni Mamere. Carrie naye anabadilika: anaanza akiwa mtu wa kutafutia watu ajira asiyetaka usumbufu, anaishia kuwa kama ndugu yao. Sehemu yake ni ya haki na Witherspoon anaiigiza vizuri. Lakini mtoe Carrie umweke afisa mwingine mwenye moyo, hadithi itakwenda. Mtoe Mamere, hakuna filamu.

Kijana mmoja wa Sudan Kusini akaniuliza, "Na Theo je? Si yeye ndiye aliyejitoa kwanza?" Swali zuri sana. Theo ndiye anayewasha moto wa hadithi. Lakini anayewasha moto na anayeungua nao wanaweza kuwa watu wawili.

Nikawapa mfano mwingine wa Turkana hiyo hiyo. Katika The Constant Gardener ya 2005, Tessa ameuawa karibu na Ziwa Turkana tangu mwanzo. Tunamwona katika kumbukumbu tu, na kila kitu kinazunguka kifo chake. Hata hivyo hadithi ni ya mumewe Justin, mwanadiplomasia mpole wa kutunza bustani, anayelazimika kutafuta ukweli hadi umgharimu uhai. Rachel Weisz alipata Oscar kwa kumwigiza Tessa, na tuzo hiyo ilikuwa ya mwigizaji msaidizi. Tessa anaisukuma hadithi, Justin anaibeba.

Si kila filamu inajibu upesi. Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, ina mtoto Jo, mgonjwa asiye na tiba, anayetaka kuwa na nguvu za ajabu kama mashujaa wa sinema anazozipenda. Kijiji kizima kinaungana kutimiza ndoto yake. Jo ndiye anayetaka. Lakini mama yake ndiye anayepaswa kujifunza jambo gumu kuliko yote, kumruhusu mtoto aishi siku zilizobaki badala ya kumfungia ndani zisipungue. Darasani waligawanyika, nami sikuwaamulia. Filamu nzuri inaweza kukuacha na mabishano hayo, mradi kila upande una ushahidi.

Swali la kiti cha nyuma

Nilikuwa nafunga daftari aliponyanyua mkono kijana wa Kiturkana, aliyekaa nyuma na hakuwa amesema neno siku nzima. "Mwalimu, filamu hii inasema watu walikuja Kakuma. Walikuja kwetu. Na sisi tuko wapi humo?"

Chumba kilinyamaza. Nilijaribu kusema kwamba filamu haiwezi kubeba watu wote, na hilo ni kweli. Lakini niliona uso wake, nikajua nimemjibu jambo ambalo hakuuliza. Alichouliza ni kwa nini kila hadithi ya ardhi yake ina mkimbizi na ina msaidizi, naye hata mandhari hakubahatika kuwa.

Kesho yake ilikuwa siku ya kuandika. Kundi la kwanza lilileta hadithi ya msichana aliyeacha shule. Shirika linakuja, linampa sare na vitabu, anarudi darasani, anashukuru. Mwisho. Nikawaambia wapitishe maswali yao wenyewe. Nani anaamua? Shirika. Nani analipa? Hakuna. Nani anabadilika? Sare tu. Wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kwa maana video za namna hiyo wamezizoea na baadhi yao wamewahi kusimama mbele ya kamera zake. Hadithi ilikuwa na mpokeaji. Mhusika mkuu hakuwamo.

Kundi la pili lilikuwa la yule kijana wa nyuma pamoja na yule msichana wa Kikongo. Waliandika kisa cha mama wa Kiturkana anayeuza makaa, na mteja wake, mama mkimbizi. Mgao wa chakula umepunguzwa, kama ulivyopunguzwa kweli, na mteja ameshindwa kulipa deni. Siku hiyo hiyo mtoto wa muuza makaa anahitaji dawa. Je, aende kudai?

Wakagombana wao kwa wao. Kijana akasema hadithi ni ya muuza makaa, maana yeye ndiye mwenye uamuzi. Msichana akasema ni ya mwenye deni, maana anaweza kujificha asipatikane au atoke nje auze sufuria yake ya mwisho. Nikawaambia kila mmoja ana hoja, na jibu litatoka pale watakapochagua kamera inasimama mlango wa nani wakati hodi inapigwa. Wakiwa ndani, hadithi ni ya mdaiwa. Wakiwa nje, ni ya mdai. Kisa ni kile kile, lakini mtazamaji ataumia na mtu tofauti.

Waliamua kuanza nje. Msichana alikubali kwa sharti kwamba filamu ya pili ianzie ndani.

Na sisi wa Pwani?

Utauliza Kalobeyei inatuhusu nini. Kwanza, historia yetu imeungana. Katika miaka ya 1990 kulikuwa na kambi za wakimbizi hapa hapa, Utange ikiwa mojawapo, na zilipofungwa baadhi ya watu wake walihamishiwa Kakuma. Wapo wazee Mombasa wanaokumbuka majirani wale. Hadithi yao, na hadithi ya mji uliowapokea, nani ameiandika?

Pili, swali la kijana yule ni letu pia. Tazama filamu na matangazo yanayopigwa katika fukwe zetu. Bahari ipo, jahazi lipo, milango ya nakshi ya Lamu ipo, na mtu wetu yupo: amebeba sinia, anasema karibu, anatoka kwenye picha. Anataka nini? Hatujui. Analipa nini? Hakuna aliyemuuliza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika filamu nyingi za kwetu mgeni amekuja, amepona yeye, na mwenyeji hakupewa hata mstari mmoja wa kusema.

Siwaombei wenyeji sifa. Mhusika mkuu hahitaji kusifiwa, na muuza makaa wa Kalobeyei huenda mwishoni akafanya jambo baya. Ninachokiomba ni kwamba apewe uamuzi wa kufanya na gharama ya kulipa. Usiku wa leo ukifungua filamu, iwe ya hapa au ya mbali, lisahau bango. Yashike maswali manne, mtafute mwenyewe steringi, kisha mtazame na yule aliyeachwa nje ya mlango.