Kupandisha Maji kwa Nguvu Kidogo

Wasikilizaji wetu, nanyi mtakaoyasoma maneno haya shuleni au barazani, twapenda kuzungumza nanyi habari za maji yanayopandishwa kwa mashine, na sababu za maji hayo kuwa ghali. Watu wa Shinyanga hawana haja ya kuambiwa thamani ya maji. Mito yetu mingi hukauka wakati wa kiangazi, na tangu zamani mama zetu wamefukua mchanga wa mto ili kupata ndoo moja. Basi kijiji kikipata kisima kirefu chenye mashine, furaha huwa kubwa. Lakini siku fedha za dizeli au za umeme zikwishapo, mashine hunyamaza, na watu hurudi mchangani.

Kwanza tupatane juu ya maneno, maana sisi huita vyote viwili bomba, mashine na njia ya maji pia. Katika mazungumzo haya pampu ni mashine, na bomba ni njia.

Pampu ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuinua maji, na kazi hii ina kipimo chake kisichopunguzika kwa hila yo yote. Uniti 1 ya umeme, kama isingepotea hata chembe, ingeinua ndoo 300 hivi za lita 20 kutoka kina cha mita 60. Pampu ya kweli hupoteza sehemu ya nguvu hiyo, na mara nyingine nusu nzima, hata tukapata ndoo 150 tu. Kazi ya pili ni kuyasukuma maji yanayosuguana na kuta za bomba. Hapo hasara hujificha, na hapo twaweza kuokoa mengi.

Chukueni bomba lenye upana nusu ya jingine, mkapitisha humo maji yale yale kwa saa. Msuguano utaongezeka kadiri ya mara 32. Wengi hawasadiki, lakini mwalimu wa hesabu aweza kuonyesha: ni 2 kwa 2 kwa 2 kwa 2 kwa 2. Kwa hiyo anayenunua bomba jembamba kwa kuwa ni rahisi, hulilipia tena kila mwezi. Kadhalika, maji yapitayo kwa saa yakipunguzwa kuwa nusu, msuguano hushuka hata robo hivi. Ndiyo maana pampu ndogo ijazayo tangi polepole kutwa nzima mara nyingi hutumia nguvu kidogo kuliko kubwa ikimbiayo saa mbili. Na kijiji kitumiacho nguvu za jua chafaidi zaidi, kwa kuwa jua nalo hufanya kazi polepole kutwa.

Chuoni kwetu tulijifunza jambo hili kwa gharama. Pampu yetu ilikuwa kubwa mno, naye fundi akafunga koki nusu ili maji yasizidi. Maji yakapungua kweli, lakini malipo ya umeme hayakupungua kwa kadiri ile. Tulikuwa kama mtu anayekanyaga baiskeli kwa bidii huku breki imekazwa. Hatukupata nafuu mpaka tulipoweka pampu ndogo inayolingana na kisima, tukaiacha koki wazi.

Tazameni sasa kazi iliyofanywa Ihelele, katika wilaya ya Misungwi. Maji ya Ziwa Viktoria husafishwa pale, kisha pampu huyapandisha hata tangi la mlima wa Mabale. Toka huko hushuka kwa uzito wake yenyewe kuelekea Kahama na Shinyanga. Maji hayo yalianza kutumika mnamo mwaka 2009. Wajenzi walikubali taabu ya kupanda mara moja, nao mlima ukafanya kazi iliyobaki. Lakini angalieni: lita inayovuja mjini Shinyanga imekwisha kusafishwa, imekwisha kupandishwa mlimani, na gharama yake yote imekwisha kulipwa.

Huko Geita, kwenye dhahabu, shida ni kinyume chake, maana maji hayatakiwi shimoni. Kila mita shimo linapozidi kwenda chini, maji hugharimu zaidi kutolewa. Basi mtaro uchimbwao juu, kando ya shimo, huyazuia maji ya mvua kabla hayajaanguka, nayo hayahitaji pampu kamwe. Wachimbaji wadogo, twawasihi jambo moja. Pampu iliyo juu haiwezi kufyonza maji yaliyo chini sana ya mita 7, lakini msiishushe injini ndani ya duara. Moshi wake huua watu upesi, tena hauonekani.

Mwisho twawapa wanafunzi kazi isiyogharimu kitu. Jioni jazeni tangi la shule, zimeni pampu, fungeni mifereji yote, mtie alama ya chaki ndani ya tangi, juu kidogo ya maji. Alfajiri tazameni tena. Wanafunzi wetu walipofanya hivyo, maji yalikuwa yameshuka shubiri nzima. Wakafuata bomba hatua kwa hatua, wakakuta limepasuka chini ya mwembe, mahali ambapo majani yalikuwa mabichi kiangazi chote, nasi siku zote hizo tulikuwa tukiwafunga mbuzi wetu papo hapo.