Kutazama Tena Michezo ya Zamani ya Televisheni

Wasomaji wenzangu, leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulifanya bila kulitafakari. Mtu mzima, mwenye kazi yake na watoto wake, huketi jioni akatazama tena mchezo wa televisheni alioupenda alipokuwa mdogo. Mara nyingi ni mchezo wa safari za angani, au wa mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida. Watoto wake humcheka. Wao waona kuta za mbao zikitikisika, na maroboti yaonekana wazi kuwa ni watu waliovikwa maboksi. Mzee naye hushangaa, kwani hakumbuki kwamba mambo yalikuwa hivyo. Je, ni nini kilichobadilika? Picha ni zile zile. Na tulieleze jambo hili kwa mifano.

Mfano wa kwanza ni mchezo wa Uingereza uitwao Doctor Who, ulioanza kuonyeshwa na BBC tarehe 23 Novemba, 1963. Wahusu msafiri aitwaye Daktari, ambaye huenda nyakati za kale na nyakati zijazo akiwa ndani ya chombo chenye umbo la kibanda cha simu cha polisi. Mchezo huo ulitengenezwa kwa fedha kidogo katika studio ndogo. Siku zile kuukata utepe wa picha na kuuunga tena ilikuwa kazi ngumu na ya gharama. Kwa hiyo waigizaji waliigiza mfululizo, na mmoja wao akikosea neno, mara nyingi kosa liliachwa lipite. Tena picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, yenye mistari 405 tu, nayo ilitazamwa katika kioo kidogo. Kasoro nyingi zilijificha katika ule ukungu. Leo picha hiyo hiyo huonyeshwa katika kioo kikubwa kama meza, na kila msumari waonekana.

Basi mtoto wa mwaka 1963 hakuwa mjinga. Kioo kilimficha baadhi ya mambo, na yaliyosalia aliyajaza mwenyewe kwa akili yake. Ndivyo tunavyofanya sote tunaposikiliza hadithi za bibi. Bibi hutaja zimwi, nasi twaliona, ingawa hapana aliyetuchorea.

Mfano wa pili ni wa Marekani, nao ni The Six Million Dollar Man, ulioonyeshwa tangu mwaka 1973 hata 1978. Steve Austin, mwanaanga, aliumia vibaya katika ajali ya chombo cha majaribio. Madaktari wakamtengenezea miguu miwili, mkono mmoja na jicho moja vya mashine, akaweza kukimbia maili 60 kwa saa. Lakini mbio hizo zingeonyeshwaje? Mtu akionyeshwa katika picha zilizoharakishwa huchekesha badala ya kustaajabisha. Kwa hiyo watengenezaji walifanya kinyume: walizipunguza mwendo picha zake, wakatia na sauti ya mitambo. Mtoto aliona mbio za ajabu. Akiutazama leo, huona mtu anayekwenda polepole sana! Mtoto alikuwa amekubali mapatano na mtengenezaji, kwamba polepole maana yake ni upesi. Mtu mzima huyasahau mapatano hayo, na huwa hana budi kuyajifunza upya.

Mfano wa tatu ni Batman, mchezo wa Marekani wa mwaka 1966 hata 1968, wenye sehemu 120. Humo ngumi zikitua, maneno makubwa ya rangi hutokea kiooni. Batman, hata anapokuwa na haraka ya kuwafuata wahalifu, hukumbuka kumwonya kijana wake Robin afunge mkanda wa gari. Watoto waliutazama kwa hofu na shauku, wakingoja kwa mashaka kujua kama mashujaa watatoka salama mtegoni. Wazazi wao waliokaa nyuma yao walikuwa wakicheka, na ndivyo watengenezaji walivyokusudia. Kwa hiyo mtu aliyeupenda akiwa na miaka 7, akiutazama tena akiwa na miaka 40, hupata mchezo wa pili ndani ya ule wa kwanza.

Hata hivyo, si kasoro na vichekesho tu vinavyoonekana mara ya pili. Yako mambo mazito pia. Chukueni Star Trek, mchezo wa Marekani wenye sehemu 79, ulioonyeshwa tangu 1966 hata 1969. Katika sehemu moja iliyotoka Januari 1969 tunaonyeshwa watu wawili kutoka sayari iitwayo Cheron. Kila mmoja ni mweusi upande mmoja wa mwili na mweupe upande wa pili. Wanachukiana mno, na wageni wao hawafahamu sababu. Mwishowe mmoja aeleza kwamba yeye ni mweusi upande wa kulia, na mwenzake ni mweupe upande huo wa kulia. Wanarudi kwao na kukuta watu wote wamekwisha kuuana. Hata hapo hawakomi, bali waendelea kufukuzana juu ya sayari iliyojaa maiti. Mtoto huona watu wawili waliopakwa rangi wakikimbizana. Mtu mzima hukumbuka kwamba mchezo huo ulitoka miezi tisa tu baada ya Martin Luther King kuuawa, mwezi wa Aprili 1968, naye hunyamaza.

Katika mchezo huo huo sisi tusemao Kiswahili twaweza kupata jambo letu. Afisa wa mawasiliano wa chombo kile cha angani ni mwanamke wa Kiafrika aitwaye Uhura, na jina hilo limetokana na neno letu “uhuru”. Aliyemwigiza ni Nichelle Nichols, Mmarekani mweusi. Katika sehemu ya kwanza kuonyeshwa, tarehe 8 Septemba, 1966, kiumbe kimoja chajigeuza kuwa mwanamume na kumsemesha Uhura kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata, katika sehemu nyingine, mashine yamfutia kumbukumbu zote, na anapofundishwa upya kusoma Kiingereza, ulimi wake warudi kwenye Kiswahili. Watoto wengi wa Marekani waliyasikia maneno hayo bila kujua ni lugha gani. Mtu aliyekwisha kujifunza Kiswahili, akiutazama tena leo, hufahamu kilichompita zamani.

Kwa mifano hii twaona kwamba mchezo wa zamani ni kama alama ya urefu iliyochorwa ukutani. Alama haisogei, na kwa sababu haisogei, mtoto aweza kujua amekua kwa kiasi gani. Lakini je, alama yenyewe ikifutwa?

Hayo ndiyo yaliyotokea kwa Doctor Who. Tepu za picha za miaka ile zilikuwa na upana wa inchi mbili na bei yake ilikuwa kubwa, lakini ziliweza kufutwa na kutumiwa tena. Mapatano na waigizaji yalizuia mchezo kurudiwa mara nyingi. Picha za rangi zilipoanza, wanunuzi wa picha nyeusi na nyeupe walipungua. Wala watu hawakuwa na mashine za kutazamia kanda nyumbani. Kwa hiyo, tangu miaka ya mwisho ya 1960 hata 1978, BBC ilifuta tepu nyingi na kuharibu nakala za filamu. Waliofanya hivyo hawakuwa na nia mbaya. Walitaka nafasi katika rafu, nao hawakudhani kwamba yuko atakayetaka kuutazama tena mchezo wa watoto.

Baadhi ya nakala ziliokoka kwa sababu zilikuwa mbali. BBC ilikuwa imeuza filamu za mchezo huo katika nchi nyingi, na miongoni mwake zilikuwamo Uganda, Kenya, Zambia, Ethiopia, Sierra Leone na Nigeria. Nchi ikimaliza kuzionyesha, ilitakiwa izipeleke kwa nchi nyingine, au izirudishe, au iziharibu. Lakini si zote zilizofuata njia hiyo. Mwaka 1991 hadithi moja nzima ya mwaka 1967, yenye sehemu nne, ilipatikana Hong Kong. Mtu aliyeiona akiwa na miaka 8 aliweza kuiona tena akiwa na miaka zaidi ya 30. Kisha mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu 9 zilizopotea zimepatikana katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Kwa hizo hadithi moja ilikamilika, na nyingine ikabakiwa na pengo moja tu. Hata leo zaidi ya sehemu 90 za miaka ya 1960 hazijaonekana.

Lakini sauti za sehemu zote hizo zipo. Nani aliyezihifadhi? Si shirika kubwa, bali ni watazamaji wa kawaida, na wengine wao walikuwa vijana wa umri wetu. Waliweka mashine za kunasia sauti karibu na televisheni nyumbani mwao, kwa sababu waliupenda mchezo na walitaka kuusikia tena. Baadaye wachoraji walichukua sauti hizo wakazitengenezea picha za katuni, na baadhi ya hadithi zilizopotea zikatazamwa tena.

Wahenga walisema, “Akiba haiozi.” Nyimbo tunazoimba katika tamasha za shule, michezo ya kuigiza tunayoitunga, hata gazeti hili unalolishika, huenda leo vikaonekana kuwa vitu vya kuchezea tu. Hatuwezi kujua ni kipi tutakachokitaka baada ya miaka 30. Basi mwenye nakala aitunze. Aandike juu yake tarehe, na majina ya walioigiza au kuimba, kisha ampe mwenzake nakala ya pili aiweke mahali pengine.