Maji na dawa humwongezea muda mtoto mwenye selimundu

Mzazi wa mtoto mwenye selimundu huambiwa kila kliniki: mpe maji ya kutosha, mkinge na baridi, asikose dawa. Mara nyingi haelezwi sababu, na mtoto akionekana mzima ni rahisi kulegeza.

Sababu iko ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe hizo zimejaa himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Mwaka 1949, Linus Pauling na wenzake nchini Marekani walionyesha kuwa himoglobini ya wagonjwa wa selimundu si sawa na ya watu wengine. Baadaye Vernon Ingram, akiwa Cambridge, Uingereza, aligundua kuwa tofauti hiyo ni ndogo mno: kipande kimoja tu katika mnyororo wa protini.

Kipande hicho kinatosha kuleta balaa. Himoglobini hiyo ikishatoa oksijeni, hunatana na nyenzake na kuwa nyuzi ngumu. Chembe iliyokuwa laini hupinda kama mundu, hukwama kwenye mishipa midogo, na mtoto huanza kulia kwa maumivu.

Hata hivyo, kunatana huko hakutokei papo hapo. Mwaka 1974, watafiti James Hofrichter, Philip Ross na William Eaton walionyesha kuwa hupita muda kabla nyuzi hazijaanza kujitokeza. Chembe ikiwahi kurudi kwenye mapafu kuchukua oksijeni, hupona.

Muda huo hutegemea jinsi himoglobini ilivyosongamana. Mtoto akipungukiwa maji kwa homa, kuhara au jua kali, chembe husinyaa, protini hubanana na nyuzi huwahi kujitengeneza. Maji humwongezea muda.

Dawa ya haidroksiurea nayo huufanya mwili utengeneze zaidi himoglobini ya utotoni, ile ambayo mtoto huzaliwa nayo na ambayo huzuia nyuzi kujitengeneza. Ndiyo inayomkinga katika miezi yake ya mwanzo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha watoto 606 wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, ulionyesha kuwa baada ya kuanza dawa hiyo maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vilipungua.

Kwa hiyo, mzazi, usisitishe dawa kwa kuwa mtoto haumwi. Huenda haumwi kwa sababu anaitumia. Mpe chupa ya maji aende nayo shuleni, na mwombe mwalimu amruhusu kwenda chooni kila anapohitaji, maana watoto hawa hukojoa mara nyingi. Akipata homa, mpeleke hospitali mara moja, usisubiri kesho.

Na nyumbani, mama asitupiwe lawama. Mtoto hurithi ugonjwa huu kwa baba na mama pia. Wazazi wote wawili wakiwa na vinasaba vya selimundu bila kuugua, kila ujauzito una uwezekano wa mtoto mmoja kati ya wanne kuwa mgonjwa. Kipimo cha damu cha wote wawili kitawaonyesha mapema.