Wamanyema ndani ya kitabu cha Tarzan

Tarzan wengi wetu tunamjua kwa filamu: mzungu anayeruka kwenye miti na kupiga kelele. Wachache wanajua kwamba sisi watu wa Maniema tumo ndani ya vitabu vyake, tena kwa jina letu.

Fungua Le Retour de Tarzan, kitabu cha pili kati ya zaidi ya 20. Mwandishi ni Mmarekani, Edgar Rice Burroughs. Hadithi ilitoka katika gazeti mwaka 1913, kisha ikawa kitabu 1915. Kijiji cha Wawaziri, kabila la kubuniwa, kinavamiwa na Waarabu wanaotafuta pembe za tembo. Nao wanakuja na nani? Na Wamanyema! Mwandishi anawaita wala watu. Hawana majina, hawana mama, hawana kwao. Kazi yao ni kushambulia kijiji, halafu kutetemeka mbele ya mishale ya Tarzan.

Burroughs hakufika Afrika hata siku moja. Jina letu alilikuta tayari katika vitabu vya wasafiri wazungu. Siyo uongo wote: vijana wengi wa huku walibeba bunduki za Tippu Tip, wazee wanajua. Lakini mbele ya kuzibeba, zilitupiga sisi. Tarehe 15 Julai 1871, kule Nyangwe kando ya Lualaba, watu wa wafanyabiashara wa pwani walipiga risasi sokoni. Mamia walikufa, wengi wao wanawake waliokuja kuuza. Wengine walizama mtoni. Livingstone alikuwa pale, akaandika. Soko hilo halimo katika Tarzan.

Kuna pahali pengine ambapo mchimbaji wa Kailo atasoma polepole. Tarzan anakwenda na Wawaziri mpaka Opar, mji wa kale wenye dhahabu. Wao njo wanaibeba, porini mpaka pwani. Mwenye kubeba mufuko wa kasiterite mpaka barabarani anajua kitabu kimeruka nini: mabega, matope, njaa. Malipo hayatajwi. Mwisho dhahabu inapanda meli pamoja na Tarzan, naye ni tajiri. Wawaziri wanabaki ufukweni.

Katika kitabu cha tano, cha 1918, makuta yamemwishia. Anarudi Opar kuchukua dhahabu ingine, na wabebaji ni Wawaziri tena.